Mawe ya Néhémie

Mume wangu Néhémie alitoka katika ukoo wa wachuuzi wa Butembo, watu wanaoweza kuuza chumvi baharini, na yeye hakujua kuuza hata kiberiti. Kaka yake Katembo alikuwa na depo ya sabuni hapa Kisangani. Néhémie alifundisha fizikia, na mapenzi yake aliyaweka kwa Mshtarii, ile sayari kubwa ambayo wengine huiita Jupiter, pamoja na miezi yake. Mimi nilipata yaliyobaki.

Profesa wake wa zamani alimtumia kutoka Ulaya picha zilizopigwa na darubini inayozunguka huko angani. Jioni, umeme wa bwawa la mto Tshopo ukiwepo, alizitandaza mezani akipima kwa rula mwezi uitwao Io, ule unaotapika moto, aone madoa yake yamebadilika vipi. Chini ya kila mwezi aliandika ukubwa wake.

"Kaswera, nikimaliza hii kazi, watasoma jina yetu mpaka Ulaya."

Nilimcheka. Nilimpenda pia.

Vita vilipofika, mji mzima uliota almasi, tulizoziita mawe tu. Siku moja Katembo alikuja kwetu kula sombe, akaziona picha: vitu vya mviringo vinavyong'aa katika weusi, na namba chini yake kama za uzani. Hakuuliza. Mtu wa depo haulizi, ananusa. Jioni hiyo alijigamba kwenye pombe: "Mudogo yangu iko na mawe, lakini anaficha." Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kama kichwa chenyewe ni cha mwingine.

Askari walikuja mchana kweupe. Ni wa jeshi gani, sijali. Kwangu wote walikuwa sawa.

"Mawe iko wapi?"

"Ile si mawe, chef. Ni miezi ya Jupiter. Iko mbali, hakuna mutu anaweza kufika kule."

Walidhani anawadhihaki. Wakampiga mbele yangu, wakaenda naye. Kesho yake nilirudishiwa maiti.

Kwenye matanga Katembo alilia kuliko wote, akagaagaa chini mpaka wakamshika. Kisha akanivuta mimi, shemeji yake, nyuma ya jiko.

"Semeki, pole sana. Donc... yale mawe, aliacha wapi?"

Nikaingia ndani, nikamletea picha ya Io.

"Kamata. Ndiyo hii ilimuua ndugu yako."

Akaigeuza, akaisoma namba, akaikunja taratibu na kuitia mfukoni. Halafu akauliza zingine ziko wapi.