Kipindi cha Kukaa Kimya

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, mwanzoni mwa miaka ya themanini, darasa letu lilipata mwalimu mpya wa dini. Shule yetu ilikuwa kwenye mteremko wa Nyamirambo, mjini Kigali, na wengi wetu tulitoka mtaa wa Biryogo, watoto wa mafundi cherehani na wenye maduka, Waislamu ambao baadhi ya babu zao walitoka pwani na biashara zao, wakaoa hapa, wakabaki. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekulia Bujumbura. Tulimwita Madamu, kama tulivyowaita walimu wote wa kike.

Siku ya kwanza tulifungua madaftari, tukangoja kukaririshwa.

"Fungeni," alisema. "Sura mnazijua. Mnazisoma mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Leo tutakaa tu."

Akatutoa nje hadi kwenye majani nyuma ya madarasa, mahali ambapo Mlima Kigali unaonekana wote. Alitaka tukae, tufumbe macho tukipenda, tusikilize. Baadaye, mwenye kutaka angesema alichosikia.

Hatukuweza. Tumbo la mvulana mmoja lilinguruma, msichana aliyekaa karibu nami akabana kicheko mpaka mabega yakamtetemeka, nami nikalipuka. Darasa zima likafuata. Nilitegemea fimbo, lakini nilipofumbua macho nilimwona Madamu anacheka kutuzidi, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Haya," alisema alipopata pumzi. "Na hicho tumekisikia. Tutajaribu tena kipindi kijacho."

Mimi nilikuwa msemaji mno. Nyumbani vyerehani vya baba vilinguruma tangu asubuhi, na tangu utotoni nilijifunza kupaza sauti kuvishinda ili nisikike. Kwangu mimi kunyamaza kulikuwa kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine. Hata hivyo, kadiri tulivyozidi kukaa pale, masikio yangu yalifunguka. Nilisikia ufagio wa mama mmoja aliyesafisha ua wa shule, kengele ya baiskeli ya muuza maziwa, mbuzi wa jirani, halafu pumzi yangu mwenyewe. Siku moja nikasikia jambo la ajabu zaidi: ndani yangu kulikuwa na mtu anayeongea bila kupumzika, na mtu huyo ni mimi.

Nilimweleza Madamu mbele ya wenzangu. Hakucheka.

"Na aliyekuwa anamsikiliza huyo msemaji," aliuliza, "ni nani?"

Nilishuka nalo swali hilo hadi nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Niliswali tangu utotoni, lakini kwa haraka. Nilitoa salamu huku moyo ukiwa umeshafika barabarani. Wiki hiyo, alasiri, nilisimama kwenye mkeka chumbani na maneno yaleyale niliyoyazoea yakanijia moja moja, kana kwamba nayapokea kwa mara ya kwanza. Nilipoinama kusujudu sikutaka kuinuka. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Nilihisi tu kwamba nilikuwa natazamwa na Yule anayenipenda. Furaha ilinijaa hadi nikacheka peke yangu, paji la uso likiwa chini.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Uko mgonjwa?" aliniuliza nilipomaliza.

"Hapana, mama."

"Unacheka na mkeka! Basi iko kijana huko shuleni."

Nilimwapia kwamba hakuna kijana. Hakuniamini hata kidogo.

Habari zikaenea kwamba shuleni watoto hawafundishwi, wanakaa majanini kama ng'ombe. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akimuuzia baba nguo za kushona, ndiye aliyepiga kelele zaidi. Alikwenda kwa mkurugenzi wa shule, na mkurugenzi akamwita Madamu. Yeye hakubishana naye. Aliomba jambo moja tu, wazazi waje Jumamosi wakae pamoja nasi.

Walikuja wengi, baba akiwa na futi yake ya kupimia nguo bado shingoni. Wingu lilikuwa zito, hivyo tukakaa kwenye ukumbi, wazazi na watoto tumechanganyika kwenye mikeka. Madamu aliwaambia maneno yaleyale aliyotuambia sisi. Tulikuwa bado tunatulia mvua iliposhuka juu ya mabati. Mtu asingeweza kuongea hata angetaka. Nilichungulia kwa jicho moja. Baba alikuwa amefumba macho, na mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona bila kazi, ilikuwa imelala magotini.

Mvua ilipopungua, Madamu aliuliza nani amesikia nini. Mzee wa vitambaa akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mimi nimesikia njaa," alisema, na ukumbi ukaangua kicheko. Alingoja tumalize. "Halafu nimemsikia mama yangu. Alikuwa ananifundisha kusoma, mvua inanyesha hivihivi. Miaka mingi sijamkumbuka vile." Akajipangusa uso kwa kofia yake, akamgeukia mkurugenzi. "Murakoze, asante. Waache watoto wakae."

Kipindi kilibaki, na hadi namaliza shule tulikaa kila wiki. Sikuacha kuwa msemaji, lakini nilianza kungoja wenzangu wamalize sentensi zao, jambo lililowashangaza wote.

Jumamosi ile mimi na baba tulirudi kwa miguu. Barabara ilikuwa tope jekundu, na nilijua nikinyamaza naye atanyamaza, kwa hiyo nikanyamaza kwa raha zangu. Karibu na msikiti alisimama, akanunua sambusa za moto, akanipa yangu.

"Sasa niambie," alisema, "huwa unasikia nini huko?"

Nikamwambia yote, tukitembea polepole, naye hakunikatiza hata mara moja.