Likizo ya Jirani

Umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya likizo?

Salvina anamwonea Mwalimu Rosemary. Tumepanga nyumba moja hapa Katoro, na milango yao inatazamana. Walijifungua wiki moja, wodi moja. Rosemary yuko nyumbani, mshahara unaingia, na akirudi shuleni sheria inampa nafasi ya kutoka kwenda kunyonyesha. Sheria hiyo ni nzuri, naitetea popote. Lakini Salvina anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, analipwa kwa ndoo, hana mkataba na mtu. Kitovu cha mwanawe Athanas kilipodondoka tu, akarudi kwenye kiwanja cha kupondea mawe, maana Mwita, msimamizi wao, hana maneno mengi: ukikosekana, nafasi yako anapewa mwingine.

Mtoto anashinda na Rosemary, aliyejitolea mwenyewe, na maziwa ambayo Salvina huyakamua alfajiri. Kila asubuhi Salvina akimkabidhi, macho yake huishia kwenye miguu ya mwalimu isiyo na vumbi.

Alhamisi jioni alirudi mbio, gauni limelowa maziwa kifuani. Akampa Athanas titi. Mtoto akageuza uso.

"Umempa nini?"

"Nimemnyonyesha, Mama Athanas. Alikuwa analia, na mimi maziwa ninayo."

"Unayo! Mshahara unao, usingizi wa mchana unao, sasa na mwanangu?"

"Jamani, si msaada tu?"

"Msaada! Mwakani ataniita shangazi."

Rosemary akacheka, akidhani ni utani. Salvina alikwenda nyuma ya nyumba, akayakamulia maziwa yake mchangani.

Sikumkasirikia Rosemary. Niliikasirikia nchi ambayo mama hatambuliki mpaka aonyeshe barua ya ajira.

Kesho yake asubuhi nilipita kiwanjani nikielekea stendi. Salvina alikuwa mahali pake, Athanas mgongoni.

"Mama, hapa si kliniki," Mwita alifoka. "Rudisha hicho kitoto."

"Akirudi kule, harudi kwangu."

"Basi ndoo isipojaa, kesho usije."

Salvina alimshusha mtoto, akamkinga vumbi kwa khanga, akamnyonyesha. Nyundo ikalala chini. Monika, aliyekaa kando yake, hakuinua hata kichwa. Alisukuma kwa mguu mawe yake yaliyokwisha kupondwa mpaka kwenye rundo la Salvina. Mama wa upande wa pili akafanya vivyo hivyo, akimtukana Mwita kwa Kisukuma.

"Nyonya, baba," Salvina alisema. "Haya ni ya mama yako."

Mwita alipogeuka, rundo lilikuwa limefika nusu ndoo, na Athanas bado ananyonya.