Panga la Paka wa Mafiga

Harufu ya chuma kilichobabuliwa motoni ikichanganyika na utomvu wa mgomba: kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Baba. Watoto wengine wa kijiji chetu cha Kihanga walikua wakinusa kahawa inayoanikwa. Mimi nilinusa panga. Mwaka ule ugonjwa wa mnyauko uliingia kwenye kibanja chetu cha migomba, na mabwana shamba wakatufundisha kwamba mgomba ukiugua haukatwi tu, unang'olewa na shina lake, na panga linapitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kazi ya kuchochea moto nikapewa mimi, kwa sababu iliyojulikana kijiji kizima: nilikuwa mtoto nisiyependa kutoka nje. Baba aliniita Paka wa Mafiga. Sikukasirika. Paka angalau hasikii baridi.

Mwaka huohuo Baba alipasuliwa Mwanza, akatolewa kipande cha utumbo mpana chenye saratani. Aliporudi tulichinja mbuzi wa shukrani, na nadhani mbuzi yule alionewa. Daktari alikuwa amemwambia kuwa ugonjwa ule hupenda kuhamia kwenye ini kimyakimya, hivyo alipaswa kurudi mara kwa mara kutundikiwa dripu za kuuzuia. Kila aliposhuka basi stendi ya Omurushaka alikuwa amepungua tena, anatapika hata uji, na vidole vyake havivumilii kitu cha baridi. Na asubuhi za huku mnazijua, ukungu unavyolalia migomba kama umelipa kodi. Maji ya mtungini yalimchoma koo kama miiba. Akigusa chuma, mkono ulishtuka kama umepigwa na umeme. Basi moto wangu ukapata kazi ya pili. Nilipasha panga kwa ajili ya migomba, kisha nikaufunga mpini kwa kitambaa cha moto kwa ajili ya Baba. Nilipasha maji yake, bakuli lake, hata komeo la mlango nililipangusa kwa kitambaa hicho kabla hajatoka. Kwa mara ya kwanza uvivu wangu ulikuwa na faida.

Shangazi yetu wa Rugu, dada mkubwa wa Baba, hakuelewa kabisa. Kwake yeye kidonda kilishapona na ugonjwa ulibaki Mwanza.

"Wamekwisha kukukata, sasa unafuata nini huko? Unapanda basi mzima, unarudi nusu maiti!"

"Dada, mgomba ulio jirani na uliougua, ukiwa na majani mabichi, unauamini?"

"Kwani wewe ni mgomba?"

"Mgomba una nafuu, haupandi basi."

Tulicheka wote, na katikati ya kicheko Shangazi akaanza kulia, akimsihi asirudi tena. Baba alirudi, hadi dripu ya mwisho.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Baba aliuziba ufa. Asubuhi moja, kahawa zikiwa zimeanza kuiva, alikuwa uani ananyoa ndevu kwa kipande cha kioo. Nikamwona amevuta kope la chini, akajitazama muda mrefu. Kisha akaja kuchuchumaa karibu na moto wangu. Weupe wa macho yake ulikuwa na ile rangi ya njano tuliyokuwa tukiitafuta kwenye majani. Siku zote alinifundisha kwamba jani likionyesha, shina lilishajua.

"Paka," akaniambia, "leo usipashe panga."

Ndipo kwenye vipimo wakasema ni ini. Hakungoja senene wa mwaka ule; tulimzika kabla panzi hao hawajaanza kuruka.

Nasikia wapo ambao dripu zile ziliwakinga, na leo wanakunywa maji ya mtungini bila habari. Mungu awazidishie. Mimi sasa ni mtu mzima na bado sijavuka Omurushaka. Majirani hunitania kwamba dunia yangu inaishia stendi. Mgomba haukubaki hata mmoja. Tunalima mahindi, na bwana shamba wa siku hizi, kijana mwenye pikipiki, ananicheka: mahindi hayahitaji panga la moto. Najua. Ila asubuhi za ukungu bado nalipasha, naufunga mpini kwa kitambaa cha moto, nageuka nimpe mtu. Kisha nakaa nalo mkononi mpaka lipoe.