Mwani Alioachiwa na Marehemu

Kwenye kituo kile cha kukuzia chaza walimwita Mama Chupa, na jina likamkaa sawasawa. Miaka kumi na minane alilea mwani mdogo usioonekana kwa macho, chakula cha watoto wa chaza, na usafi wake ulikuwa kero: ukikohoa mlangoni, unarudishwa nje.

Chupa moja aliipenda kuliko zote. Mwani wake aliukusanya marehemu mumewe, mtafiti wa pale pale kituoni, na haukuwepo kwingine. Kila wiki alihamishia tone moja la mwani huo kwenye chupa ya maji mapya huku akiupigia stori za nyumbani, wala hakuona haya. Chupa nyingine zote alizitia vitamini. Hii mumewe alimkataza, akisema ina wa kuilisha. Mama Chupa hakuuliza ni nani. Aliona ni maneno ya wasomi.

Basi watoto wa chaza wakaanza kufa, na mkuu wa kituo akaagiza kila chupa isafishwe bakteria. Mama Chupa hakuambiwa mara mbili, akatia dawa ya kuua bakteria, hata kwenye mwani wa mumewe. Wiki ya kwanza mwani ulikuwa wa kahawia ya kushiba, ya pili vile vile. Akajigamba mpaka wenzake wakachoka, kisha akaimwaga kwenye sinki ile chupa ya zamani aliyokuwa ameibakiza bila dawa.

Wiki ya tatu maji yakapauka. Alikimbilia madaftari ya mumewe, na humo akayakuta yote. Mwani ule hauwezi kujitengenezea vitamini B12. Hupewa na bakteria wanaouzunguka, nao huwalipa sukari. Ukiikosa hupunguza kukua na kubana matumizi ya akiba yake, lakini kila seli ikigawanyika, akiba nayo hugawanyika. Zile wiki mbili za fahari, mwani ulikuwa unamalizia akiba.

Alitia vitamini, akasubiri siku nne. Kwenye hadubini aliona magamba matupu tu ya seli zilizokufa.

Mkuu wa kituo alikuja kumtuliza, akaahidi kuagiza mwani mwingine, tena bora zaidi.

“Bosi, wale bakteria niliwaona uchafu,” Mama Chupa alisema. “Kumbe ndio waliokuwa wanaulisha. Nimeuua kwa mkono wangu, na huku najisifu.”

Miaka sita tangu mazishi watu walimwita mjane, naye aliitikia tu. Siku ile alikaa kwenye kigoda cha maabara akalia kama mtu ambaye ndiyo kwanza anapewa habari.