Mashine Zimelala, Kazi Iko Foleni

Binti yangu alinipigia simu nikiwa machimboni Mlolongo. Msumeno wa mawe ulikuwa unapiga kelele, nikashika maneno machache tu: "Baba, kazi zangu zimeuawa. Zingine zimezuiliwa."

Mimi najua kazi ya aina moja, ile mtu anaamkia asubuhi. Nikajua amefutwa. Niliacha lori likipakiwa, nikaenda Machakos na viatu vya vumbi.

Alikuwa chuoni huko, anasomea mambo ya mvua. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Nani amekufuta, mama?" Namwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu.

"Hakuna aliyenifuta. Ni hesabu za kompyuta, Baba. Ukituma hesabu moja, hiyo wanaiita kazi."

"Na nani ameziua?"

"Msimamizi wa mashine."

Ameua na bado anasimamia! Nikasema nipelekwe kwake. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini watu nimesimamia tangu ujana, na huyu tungeelewana. Ijumaa binti yangu alitakiwa kusimama mbele ya walimu wake na hesabu kamili ya mvua ya Ukambani. Zisipoisha, anarudia mwaka.

Chumba kilikuwa baridi kama friji ya bucha. Kompyuta zimepangwa kwa rafu kama mikate, zimefungwa pamoja kwa nyaya, na msimamizi amevaa sweta mbili. Akanieleza kwamba mashine zote ni kama moja, kila mtu anatuma kazi zake, zinapanga foleni. Lakini hakuna anayeruhusiwa kushika zaidi ya mashine nane kwa wakati mmoja. Binti yangu alikuwa ameshika nane, akaona foleni haisongi, akaingiza kazi zingine mbili kwa mlango wa nyuma. Hizo ndizo zilizouawa.

"Na hizi mashine za pembeni zinafanyia nani kazi?" nikauliza, nikionyesha rafu iliyokuwa imetulia.

"Hizo hazina kazi saa hii."

"Na kazi ya huyu iko foleni?"

"Ndiyo, mzee. Amefika kikomo."

Nilimwangalia, nikaangalia mashine. "Kwangu, lori likingoja na wapakiaji wamekaa, nafuta msimamizi."

"Nikimwachia zote, mzee, atakayekuja kesho atakuta zimeshikwa wiki nzima. Kazi ikishaanza haikatwi."

"Zake mbona ulizikata?"

Binti akacheka. Msimamizi hakucheka.

"Chukua kama mwethya, mzee," akasema. Kumbe ni Mkamba mwenzangu. Hapo nikaona mwanga. Mwethya ni kikundi chetu cha kulima kwa zamu, leo matuta ya shamba langu, kesho yako. Na nikiwa sina la kulima siku yangu, naipa shemeji na hakuna anayeuliza.

"Basi niandike na mimi. Nipe nane zangu, nimpe huyu."

Akaangalia viatu vyangu. "Wewe uko na kazi gani ya kompyuta, mzee?"

"Sina. Ndiyo maana nagawa."

Binti akashika kichwa. "Baba! Nikishikwa na jina lako nafukuzwa chuo!"

Sasa kufukuzwa kulikuwa kumeingia kweli, na mimi ndiye niliyeleta balaa hiyo.

Msimamizi akageuza kioo cha kompyuta yake, akamuuliza binti, "Kila kazi umeombea mashine nne. Inatumia ngapi?"

"Moja. Nilidhani nikiomba nyingi itakimbia."

"Tatu unazishika bure. Omba moja moja."

Akaketi, akabadilisha. Kabla ya hapo hesabu mbili tu ndizo zilikuwa zinatembea. Sasa zikatembea nane.

"Kwa hivyo ameomba kidogo, akapata nyingi?" nikauliza.

"Hajapata nyingi, mzee. Ni mashine nane zile zile."

"Na hizi za pembeni?"

"Bado zimelala."

Nilitaka kuuliza tena, lakini binti alinishika mkono akanitoa nje, akaniambia niende nikaangalie mawe yangu.

Alhamisi alipiga simu, hesabu zimeisha zote. Ijumaa akasimama, akapita. Nilichinja mbuzi, na katikati ya nyama nikamuuliza zile mashine za pembeni zilikuwa zinangoja nani. Akasema, "Mtu yeyote, Baba." Nikamuuliza ni nani huyo. Akaniongezea supu.