Sahani ya Mtihani wa Mapishi

Wiki iliyopita nilikwenda mtaa wa Malindi, hapa Unguja mjini, kumtazama mgonjwa, na wakati wa kurudi nikajikuta nimeingia uchochoro wa nyumba yetu ya zamani. Siku hizi ni nyumba ya wageni. Mlango umepigwa msasa ukang'ara, na pale uani tulipokuwa tukipikia wamepanga meza ndogo zenye vitambaa vyeupe. Mwanamke wa mapokezi aliniuliza kama namtafuta mtu. Nikamwambia nimekosea njia. Lakini harufu ya samaki wa kukaanga ilishanifikia, na njia nzima mpaka nyumbani nilikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu, kikapu mkononi, nakwenda mtihanini.

Nyumba ile tulipewa vyumba viwili baada ya mapinduzi, vya chini, karibu na kisima. Baba alikuwa mchukuzi bandarini. Alibeba magunia ya karafuu mpaka mabega yakachunika ngozi, na miaka ile, mwanzoni mwa sabini, karafuu zilikuwa zikitoka lakini mchele hauingii. Wewe uliyekulia mjini utakumbuka. Mchele, unga na sukari vyote kwa foleni. Tulipanga mawe na vikapu kushika nafasi tangu alfajiri, na duka likifunguliwa watu kumi wa mwanzo wakipata, waliobaki wanaambiwa warudi kesho. Tukala muhogo. Muhogo wa kuchemsha asubuhi, muhogo wa nazi mchana, na jioni ule uliobaki. Shelisheli likiwa msimu wake tulishukuru kwa kubadilisha ladha. Kulalamika kulikuwa na hatari yake, kwa hiyo tulililalamikia jua.

Skuli, wakati huohuo, tukifundishwa mlo kamili. Mwalimu wetu wa mapishi alichora sahani kubwa ubaoni akaigawa mafungu: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kulinda mwili na maradhi. Ndani yake akaandika wali, samaki, mayai, maziwa, maharage, mchicha, machungwa. Tuliinakili sahani ile katika madaftari yetu kwa penseli za rangi, na wasichana wengine wakawa wanaipaka rangi taratibu sana, kama wasiotaka ishe. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekonda. Gauni lake lilikuwa limetiwa mshono kiunoni mara ya pili, na wote tukauona.

Mwaka ule mama alijifungua mtoto wa kiume. Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Kizimkazi kumlea mzazi mpaka arubaini yake. Alikuja na pweza wakavu wawili na kuku mmoja, tetea. Bibi hakusoma hata darasa moja, lakini yale aliyotufundisha mwalimu kwa chaki yeye akiyajua kwa kijiko. Akisema mzazi akila, anayekula ni mtoto. Alimpikia mama supu ya pweza ili maziwa yashuke, akamkorogea uji wa pilipili manga, na yai la yule kuku, lililopatikana kila baada ya siku moja, lilikuwa la mama peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa kulitazama sana.

Pweza waliisha wiki ya pili. Samaki alipopatikana, baba aliandaliwa kwanza, chumbani, sahani yake imefunikwa kawa. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Ndivyo ilivyokuwa kila nyumba. Kilichorudi ndicho tulichokula sisi, na mama alikuwa wa mwisho, akichokoa kichwa cha samaki na kusema, "Nshakula mimi, kuleni nyinyi."

Mtoto alikuwa na wiki tatu ulipofika mtihani wa mapishi. Tuliambiwa kila mmoja aje na vyakula vyake kutoka nyumbani, apike mlo kamili wa mtu mmoja, na wageni wakubwa watakuja kuonja na kutoa alama. Mwalimu alipotutajia vya kuleta, tuliacha kuandika. Mchele nusu ratli, kipande cha samaki, yai, mboga ya majani, nazi, chungwa. Akatwambia, kama kutupoza, kwamba wageni huonja kijiko kimoja tu, na chakula ni chetu, tutakwenda nacho nyumbani.

Bibi alisimama foleni siku mbili akaupata ule mchele. Kipande cha samaki, changu, baba alikipata kwa mvuvi aliyejuana naye. Mchicha niliuchuma nyuma ya kisima. Likabaki yai.

"Yai hilo la mzazi," bibi akasema. "Waambie skuli wakupe la kwao."

Mama alikuwa kitandani, mtoto yuko kifuani. "Mpe, mama," akasema. "Wataonja kijiko kimoja, sahani atarudi nayo. Kesho ntakula wali, na samaki, na yai langu lilelile."

Bibi alilishika lile yai muda, akalifunga ndani ya kitambaa, akaliweka katikati ya mchele lisivunjike. Mimi nikatia kikapuni bakuli la mama lenye kifuniko, la kurudia na chakula.

Nilipika vizuri. Nasema hivyo bila ya kujisifu, kwa sababu sijapata tena kupika chakula kwa hofu ile. Wali wa nazi ulitoka punje mojamoja, samaki nikampaka ndimu na chumvi nikamkaanga, mchicha nikautia tui zito, yai nikalichemsha nikalikata pande mbili juu ya wali. Jiko zima la skuli lilinukia chakula, na tulikuwa wasichana kumi na wanane ambao asubuhi ile tulikunywa chai ya rangi tu. Hakuna aliyeonja hata chumvi kwa ncha ya kidole.

Wageni walikuja watatu, na madereva wao. Walipita meza kwa meza wakionja. Aliyekuwa mkubwa wao alimuuliza msichana wa kwanza, "Nyumbani kwenu mnakula hivi?" Yule msichana alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa ameinamisha macho. Msichana akajibu, "Naam." Na wa pili akajibu vivyo hivyo, na wa tatu. Alipofika kwangu nikasema, "Naam, kila siku." Yale maneno ya mwisho niliyaongeza mwenyewe. Nadhani nilitaka alama. Mgeni akafurahi, akaandika.

Walipomaliza nikafungua bakuli langu. Mwalimu akaja akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Liweke, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Wageni wanakula hapa."

Zile sahani kumi na nane zikapangwa kwenye masinia zikapelekwa ofisini. Tukaosha vyombo. Mwalimu alikwangua sufuria yangu, akaukusanya ukoko katika karatasi ya daftari, akanipa bila ya kunitazama. Kutoka ofisini tukisikia vijiko na vicheko vya watu wanaokula.

Nilizungukia Darajani ili nichelewe kufika. Nilipoingia nilimkuta mama ameoga, amechana nywele, amekaa mkekani badala ya kitandani. Bibi alikuwa hakuchemsha kitu mchana ule. Walikuwa wakiungoja wali.

Mama alitazama bakuli, akatazama uso wangu.

"Wameonja?" akauliza.

"Wameula wote," nikasema.

Mama alichukua ukoko akaumega vipande vitatu, kimoja akanipa mimi, kimoja bibi. Bibi hakukipokea. Alitoka uani, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaanza kumenya muhogo. Sijasahau jinsi kile kisu kilivyokuwa kikipita katika gome, taratibu, na jinsi alivyokataa kuniangalia mpaka magharibi.

Maziwa ya mama yalianza kupungua baada ya arubaini. Bibi, ambaye hakurudi tena kwao, alimpa mtoto maji ya wali siku ulipopatikana wali, na siku ambazo haukupatikana akamkorogea uji mwepesi wa unga wa muhogo. Uso ukamvimba, na majirani wengine wakamsifu kwamba kanenepa. Mimi nilikuwa nimeiona picha ya mtoto kama yule katika kitabu cha mwalimu, nikajua si unene. Nilimwambia bibi. Akaniambia anajua, na akaniuliza nikishajua nitampa nini. Mdogo wangu alifariki kabla hajaweza kukaa. Baba, mtu wa magunia, alimpakata mikononi mpaka makaburini Mwanakwerekwe, na watu waliofuatana naye walisema alitembea kama aliyebeba kitu kizito.

Matokeo ya mtihani yalitoka nikawa wa kwanza. Mwalimu alikuja kutupa mkono wa taazia, akakaa na mama, akalia kuliko inavyotazamiwa kwa mtu wa nje. Hakuzungumzia alama. Mwaka uliofuata akahamia bara na hatukumwona tena.

Mimi nilikuja kufanya kazi miaka mingi katika kliniki ya mama na watoto. Nimefundisha yaleyale mafungu ya vyakula, na nimesoma kutosha kujua kwamba sahani moja haileti maziwa wala haimwokoi mtoto. Hayo nayajua. Lakini kila nilipomwona mama yangu nilimwona amekaa mkekani, nywele zimechanwa, anangoja.

Nilikuja kumwambia miaka michache kabla hajafa. Alikuwa mzee sana, meno yameisha, namlisha supu kwa kijiko. Nikamwambia kwamba siku ile ningeweza kuificha japo nusu ya sahani, na sikuificha, na sijajisamehe.

Alifikiri kidogo ili akumbuke ni sahani gani.

"Ile ya mtihani," akasema. "Ile ungelileta ningelimpa baba yako."

Nikamuuliza, na yeye je? Na mtoto?

"Alikuwa akirudi mabega yanatoka damu. Ningelimpa yeye. Bibi yako angelinigombeza, na ningelimpa."

Aliyasema hayo kama mtu anayekueleza mvua ilinyesha lini, kisha akafungua mdomo kwa kijiko kingine. Hakujua alichoninyang'anya. Miaka arubaini nilikuwa nikililia tonge ambalo lisingefika kinywani mwake hata ningelilibeba mbio kutoka skuli.

Sasa wote wameondoka. Bibi amezikwa kwao Kizimkazi, baba na mama wako Mwanakwerekwe karibu na mtoto wao, ambaye hatukupata hata kumpiga picha. Jiko la skuli limevunjwa, na uani kwetu wageni wanaletewa kahawa. Nimebaki mimi na hasira zangu, na sijui nimkasirikie nani: wale walioila sahani yangu, au baba, niliyempenda, ambaye angeila yote chumbani na asiulize mama amekula nini.