Toleo Jipya na Migomba ya Mama

Toleo jipya lilitoka asubuhi ya siku ya kazi, nikiwa ofisini Biharamulo na chai yangu imeshapoa. Nilikuwa nimelisubiri tangu masika. Wenzangu husubiri matokeo ya mtihani au mshahara. Mimi nilikuwa nasubiri orodha ya makosa yaliyosahihishwa kwenye programu ya hifadhidata, kwa Kiingereza, iliyoandikwa na watu nisiowajua wanaoishi nisikokujua. Niliipitia mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo. Kosa la saa za nchi fulani iliyobadilisha majira yake. Kosa la mashine kujaa kumbukumbu. Ujumbe wa tahadhari uliokuwa na herufi iliyokosewa. Nao wameushughulikia, Mungu awabariki. La kwetu lilikuwa katikati, sentensi moja tu: limerekebishwa tatizo ambalo, katika hali nadra, lilifanya faharasa isione baadhi ya taarifa zilizoingizwa wakati faharasa hiyo ikijengwa.

Katika hali nadra. Niliyarudia maneno hayo mpaka hasira ikanipanda. Hali nadra yenyewe ni mama yangu, anakaa Keza, na migomba yake yote imeng'olewa.

Inabidi nieleze kazi yangu, maana hata nyumbani hawaielewi. Ofisi yetu inafuatilia mnyauko wa migomba Ngara na Biharamulo. Mabwana shamba hupita vijijini kwa pikipiki, wakiona mgomba unaougua hutuma taarifa kwa simu: kijiji gani, shamba la nani, umeonekana lini. Mimi nazitunza. Programu ninayotumia ni ya bure, mtu yeyote anaweza kuisoma ilivyoundwa ndani na kuirekebisha, na kwa hilo sina ugomvi nayo. Mkulima akitaka machipukizi ya kupanda hupiga simu kuuliza kama huko yanakotoka ni salama, nami natafuta na kumjibu. Ili jibu lije upesi, programu haisomi taarifa zote moja moja. Inaangalia faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, inayokuambia Mbuba iko ukurasa gani. Kama faharasa haikuandika Mbuba, utaambiwa Mbuba hakuna kitu.

Mbuba ndiko kwao mama. Kaka yake, mjomba wangu, ndiye aliyebaki na migomba ya bibi, aina ya kupika ambayo kwetu Keza ilikufa zamani kwa jua. Mama alikulia ndizi zile, na kila ndizi nyingine aliyopika maisha yake yote aliilinganisha nazo, akaikuta haifiki. Sasa mdogo wangu wa mwisho alikuwa anajenga. Kwetu kijana hahamii nyumba yake mikono mitupu. Mama yake humpa migomba ya kuanzia, kutoka shamba lake mwenyewe. Mama alikuwa ameshatoa migomba kwa kaka zangu wote na kwangu, ile ya kawaida, na kila mara alitoa kama mtu anayeomba radhi. Kwa huyu wa mwisho alitaka kutoa ile ya bibi. Angeichukua kwa mjomba, aipande kwake, izae machipukizi, ndipo ampe kijana.

Akanipigia simu. "Uliza mashine yako," akasema. "Mbuba kwa mjomba wako kuna ugonjwa?"

Nikauliza. Jibu lilikuja kabla hajamaliza kukohoa. "Hakuna, mama. Chukua."

Mjomba naye hakujua. Migomba yake ilikuwa bado ya kijani. Jirani yake ndiye aliyekuwa ameanza kung'oa, na huyo jirani si mtu wa kusema mambo yake. Machipukizi yakafungwa nyuma ya pikipiki, yakafika Keza yamekunjwa kwenye gunia lenye unyevu, na mama akayapanda karibu na jiko, mahali panapotupwa majivu na maganda, pazuri kuliko pote shambani.

Yalishika vizuri. Ndiyo ubaya wa mnyauko, hauna haraka. Majani yalipoanza kugeuka njano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto, mama alikuwa ameshapita shamba lote na panga lile lile lililogusa machipukizi hayo, na ugonjwa huu husafiri na panga, akipunguza majani makavu, maana hapendi shamba chafu. Bwana shamba alikuja, akakata shina moja, tukaona ute wa njano ukitoka. Akamwambia mama kwa upole kwamba migomba yote iondoke.

Siku ya kung'oa nilikuwepo. Majirani walikuja na majembe, watu wasiokosekana kwenye msiba wala harusi, na walifanya kazi bila maongezi. Tuling'oa migomba niliyoikuta nilipozaliwa. Tukachimba shimo tukaifukia. Tulipomaliza, nyumba ilikuwa uchi. Ukisimama barabarani unamwona mama akiosha vyombo. Niliumia kwa hilo kuliko kwa mambo mengine yote, sijui kwa nini.

Taarifa ya shamba la yule jirani wa mjomba, iliyotumwa na bwana shamba wa huko, niliikuta baadaye bila kuitafuta. Nilikuwa nachapa taarifa zote za msimu kwa ajili ya mkuu wangu, na ukichapa zote mashine inasoma kila kitu, haipiti kwenye faharasa. Mbuba ikatokea karatasini. Nikaitafuta kwenye mashine: hakuna. Nikaishika karatasi mkono mmoja, nikauliza tena kwa mkono wa pili: hakuna. Iliingizwa mchana ule ule niliokuwa najenga faharasa upya bila kusimamisha kazi, jambo ambalo programu inaliruhusu na maelezo yake yanalisifu. Ilikuwa imeshaingia kabla ya simu ya mama. Nikatoka nje nikakaa juu ya tofali. Mlinzi akaniuliza kama nina malaria, nikamwambia ndiyo.

Niliwaandikia waundaji wa programu. Mmoja wao akajibu kesho yake, kwa adabu kabisa: amelijaribu kosa kwenye mashine yake, naye amelipata, anashukuru kwa maelezo yangu mazuri, pole kwa usumbufu, litasahihishwa katika toleo lijalo. Habari za migomba sikumwandikia. Ningeanzia wapi? Nilitamani awe mtu mbaya, ingenisaidia. Lakini alikuwa mtu anayefanya kazi ya kujitolea, mwema kama bwana shamba, kama mjomba, kama mimi, na katika watu wema wote hao mama alipoteza shamba.

Basi toleo lilipotoka nikalipakua, mtandao ukikatika na kurudi, nikafuata agizo lililoandikwa mwishoni: wenye tatizo hili wajenge faharasa upya. Nikajenga, safari hii nimesimamisha kazi zote. Nikauliza Mbuba. Zikaja zote, ya yule jirani ikiwa juu. Nikauliza Keza. Ikaja ya mama, jina lake kamili kama lilivyo kwenye kadi ya kupigia kura. Mkuu wangu aliyekuwa amesimama nyuma yangu akanipiga begani, akasema sasa tumepona.

Jumamosi nikaenda Keza. Nilimkuta mama amekaa mlangoni, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Akanipa ugali kwa maharage. Zamani, tukiwa na ndizi zetu, ugali tulikula kwa watu tu. Nikamweleza habari za programu kwa Kihangaza chetu, nikirukia Kiswahili kila maneno yaliponiishia: kwamba ule ugonjwa wa mashine umepatikana, umetibiwa, hautamdanganya mwingine. Alisikiliza kwa makini ambayo sikuyategemea. Kisha akainuka, akaniambia nimfuate.

Nyuma ya banda la mbuzi, mahali ambapo bwana shamba hakufika, aliondoa nyasi zilizokuwa zimeegemezwa kwenye miti. Kulikuwa na mgomba mmoja, kimo cha mtoto wa kuanza shule. Alikuwa amehamishia hapo chipukizi moja katika yale ya bibi, siku ya kwanza kabisa, kama akiba.

"Mdogo wako amemaliza kuezeka," akasema. "Ananisubiri mimi tu."

"Mama, huu ulitakiwa uondoke na mingine."

"Ngoja nikuulize. Mashine ilisema Mbuba hakuna ugonjwa, na ugonjwa ulikuwepo."

"Ndiyo."

"Na sasa inasema hapa kwangu upo."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini isiwe imekosea tena?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa anatania. Nikaelewa kwamba msimu mzima alikuwa amejishikiza hapo: mashine iliyotuponza mara moja ingeweza kukosea mara ya pili, na safari hii ikatufaa. Ndiyo maana alinisikiliza vile kule mlangoni. Na mimi nilikuwa nimetoka Biharamulo, vumbi mpaka masikioni, kuja kumwambia kwamba imepona.

"Imerekebishwa, mama. Sasa haikosei."

"Kabisa?"

"Kwa jambo hilo, kabisa."

Alishika ukingo wa jani la chini, lililoanza kugeuka rangi, akalinyoosha kwa vidole kama anavyonyoosha kola ya shati la mtu anayetoka kwenda kanisani. Alikuwa ameshaiona njano ile siku nyingi, hakuningoja mimi wala mashine. Akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na panga, amelipitisha motoni kama alivyofundishwa, akanikabidhi upande wa mpini.

Nilikata chini kabisa. Ute ulitoka, mwingi. Mama aliutazama ukidondoka, kisha akaniuliza kama lile jina lake litafutwa siku moja kwenye mashine.

Nikamwambia hapana, taarifa hazifutwi. Sasa yeyote atakayeuliza ataipata.

Akasema sawa, akaenda kutafuta jembe.